Zabuni ni Arusi, Mkataba Ndio Ndoa

Kila mara ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinapowasilishwa Bungeni, vyuo vikuu vya umma havikosi kutajwa. Hutajwa kwa majengo yaliyoanzwa na kuachwa yakiwa mifupa mitupu, kwa makato ya mishahara ya wafanyakazi ambayo hayakufikishwa yanakostahili, na kwa madeni ya wauzaji na wanakandarasi ambayo yakijumlishwa hufika mabilioni ya shilingi. Magazeti huandika habari hizo kwa siku mbili. Wabunge huwaita wakuu wa vyuo na kuwahoji kwa ukali. Kisha mambo hunyamaza hadi ripoti nyingine itoke. Sisi nasi, tuliozoea kupaza sauti juu ya ufisadi, huuliza swali moja tu: zabuni hii alipewa nani?

Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Mali ya chuo huweza kupotea hata kama zabuni imetolewa kwa haki kabisa. Hupotea baadaye, taratibu, katika miezi na miaka ya kuutekeleza mkataba, wakati ambapo hakuna anayetazama.

Arusi ina ngoma, wageni na picha. Zabuni vilevile ina tangazo gazetini, sanduku lenye kufuli, na siku ya kufungua bahasha mbele ya mashahidi. Yote hayo yalipiganiwa, nasi tusiyadharau. Lakini hakuna aliyepata kuijua ndoa kwa kuhudhuria arusi. Ndoa hujulikana wageni wakisha kwenda zao. Mkataba nao hujulikana lori linapoingia langoni, fundi anapomwaga zege, na mhasibu anapoidhinisha malipo. Saa hizo hakuna tangazo wala mashahidi, na sisi raia hatupo.

MAGUNIA YA MAHARAGWE

Niruhusuni nikiri kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwanyoshea wengine kidole hali mkono wangu una doa.

Nilifundisha kwa miaka mingi katika chuo kikuu kimoja cha umma ambacho sitakitaja. Mwaka mmoja niliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya ukaguzi na upokeaji wa bidhaa. Somo langu halikuhusiana na biashara hata kidogo, nami nilidhani uteuzi ule ni desturi tu ya kikazi. Ijumaa moja alasiri tarishi aliniletea karatasi ofisini. Zilisema kwamba magunia 120 ya maharagwe, kila moja la kilo 90, yamepokelewa katika bohari la jikoni, yamekaguliwa na yamefaa. Wenzangu wawili walikuwa wamekwisha kutia sahihi. Mezani pangu palikuwa na rundo la karatasi za mtihani zilizokuwa zikinisubiri. Nikatia sahihi bila kunyanyuka kitini.

Majuma machache kabla ya mwisho wa muhula, maharagwe yaliisha jikoni. Chuoni kwetu mwanafunzi hulipia kila sahani anayokula, na sahani ya maharagwe ndiyo iliyokuwa kimbilio la maskini. Ilipokosekana, aliyekuwa na fedha alinunua nyama, na asiyekuwa nazo alikula ugali kwa mchuzi wa kabichi au hakula. Mwanafunzi mmoja wa darasa langu, mtoto wa mkulima mdogo, alikuja kuniomba nimwongezee siku za kumaliza kazi niliyowapa. Aliniambia, bila ya kulalamika, kwamba siku hizo alikuwa akila mara moja tu, jioni, ili aweze kulala. Hakujua kwamba sahihi yangu ilikuwa juu ya karatasi ile. Mimi nilijua.

Muhula uliofuata zamu yangu ilifika tena, na safari hii nilikwenda bohari kwa miguu yangu. Mizani ilikuwa imeharibika na imekuwa hivyo kwa muda mrefu, hata buibui alikuwa amejenga juu yake. Nikahesabu magunia moja moja. Yalikuwa 97, si 120. Mtunza bohari, mtu mpole aliyekaribia kustaafu, aliniambia, “Mwalimu, usijisumbue, yaliyosalia yataletwa. Ndivyo tunavyofanya siku zote.” Nikaandika 97 na kutia sahihi chini ya idadi hiyo.

Jumapili iliyofuata mwuzaji mwenyewe alikuja kwangu nyumbani. Nilijiandaa kumpokea mwizi. Aliyeingia alikuwa mzee wa makamo, mzee wa kanisa, mwenye kofia mkononi. Hakunitisha wala hakunipa bahasha. Aliketi, akanywa chai, akasema, “Mwalimu, chuo kinanidai maharagwe, nami nakidai chuo fedha za mihula miwili. Hati ya shamba langu iko benki. Kila nikiuliza malipo naambiwa faili haionekani, nayo haionekani mpaka nitoe kitu kidogo. Yale magunia unayoyatafuta hayako kwangu. Yaliliwa ofisini kabla hayajatoka sokoni.”

Sikumsamehe kwa maneno hayo, maana yule mtoto wa mkulima hakuwa ameshiriki katika mapatano yao. Lakini tangu siku ile nilielewa kwamba mkataba mbaya haumtengenezi mwizi mmoja. Hutengeneza mnyororo. Malipo yanapocheleweshwa huzaa hongo. Hongo hurudishwa kwa kupunguza mzigo au kupandisha bei. Upungufu huhitaji sahihi ya kuufunika. Na sahihi hiyo hutolewa na mtu mwenye shughuli nyingi, anayejiona kuwa mwema, aliyeketi kitini pake.

TATIZO SI UKOSEFU WA SHERIA

Wapo wanaosema kwamba tunahitaji sheria mpya. Hebu tutazame tulikotoka. Hadi mwaka 2001 ununuzi wa serikali uliendeshwa kwa miongozo na nyaraka za Hazina. Mwaka huo zilitolewa kanuni za kwanza za ununuzi wa umma zenye nguvu ya sheria. Ikafuata sheria kamili ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika Januari 2007. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 227, iliamuru kwamba taasisi ya umma inaponunua bidhaa au huduma ifuate utaratibu wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Kisha Bunge likatunga Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016. Sheria tunazo. Tunachokosa ni macho ya kuzifuata baada ya siku ya zabuni.

Tuufuatilie mkataba hatua kwa hatua, ili kila msomaji ajue mahali pa kusimama na kuuliza.

Hatua ya kwanza hutangulia hata tangazo. Sheria ya 2015 inakataza kuanza ununuzi wowote kabla ya afisa mhasibu wa taasisi kuridhika kwamba fedha za kulipia zimo katika makadirio yaliyoidhinishwa. Katika chuo kikuu cha umma, afisa huyo ni Naibu Chansela. Kwa hiyo kila tunapoona deni la miaka mitano la mwanakandarasi, tuna haki ya kuuliza: siku mlipotia sahihi, fedha zilikuwa wapi? Kujenga ghorofa nne kwa fedha za msingi peke yake si maendeleo. Ni kuwaachia watakaokuja baadaye madeni na vyuma vyenye kutu.

Hatua ya pili ni kuuandika mkataba. Mshindi akisha kutangazwa, sheria inataka zipite angalau siku 14 kabla ya kutia sahihi, ili aliyeshindwa na mwenye manung'uniko apate nafasi ya kwenda mbele ya Bodi ya kusikiliza malalamiko ya ununuzi. Ndani ya mkataba wenyewe ndimo mna siri kubwa. Ukiandikwa “viti vya darasa,” basi kiti chochote ni halali, hata kile kitakachovunjika kabla ya sikukuu ya Krismasi. Ukiandikwa aina ya mbao, unene wa chuma, idadi, tarehe ya kuletwa na adhabu ya kuchelewa, mkaguzi ana silaha mkononi. Mkataba wenye maneno ya jumla umetungwa na mvivu, au na mtu mwerevu kupita kiasi.

Hatua ya tatu ni kupokea. Sheria inamtaka afisa mhasibu kuunda kamati ya ukaguzi na upokeaji yenye watu wasiopungua watatu, wanaobadilishwa kwa zamu. Kazi yao ni kukagua na, inapolazimu, kupima, kuhakikisha kwamba idadi na ubora ni vile mkataba unavyosema, kuandika ucheleweshaji wowote, na ndipo watoe hati ya kupokea. Hati hiyo ndiyo ufunguo wa sanduku la fedha. Bila yake mhasibu hana msingi wa kulipa. Akiwa nayo hana sababu ya kukataa. Hapa ndipo niliposimama mimi, na hapa ndipo nilipoanguka.

Hatua ya nne ni mabadiliko. Mwanakandarasi hushinda kwa bei ya chini kuliko wenzake wote, kisha kazi ikianza anagundua kwamba ardhi ni ngumu, kwamba mchoro ulisahau ngazi, kwamba saruji imepanda. Chukua mfano wa jengo la shilingi milioni 100. Sheria ya 2015 inasema kwamba bei ya mkataba haiwezi kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa sahihi, na kwamba nyongeza zote zikijumlishwa zisizidi asilimia 25 ya bei ya awali. Jengo letu, basi, haliwezi kuvuka milioni 125 bila kuvunja sheria. Lakini ni nani katika chuo anayejua kwamba limefika milioni 124? Na yule aliyeshindwa kwa kuomba milioni 110, aliyeweka bei ya kweli tangu mwanzo, hakuibiwa haki yake? Ushindani wa siku ya zabuni huuawa kimyakimya na karatasi za nyongeza.

Hatua ya tano ni malipo. Nimekwisha kusimulia kisa cha mzee wa maharagwe. Niongeze hili: sheria inazitaka taasisi za umma kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi. Ni jambo jema, na vikundi vingi vya makanisani mwetu vimejiandikisha. Lakini kikundi cha akina mama kilichokopa ili kupeleka sabuni na karatasi chuoni hakina nguvu ya kungoja mwaka mzima. Tajiri anaweza kungoja, tena anaweza kuongeza gharama ya kungoja katika bei yake. Hivyo ucheleweshaji wa malipo huwaondoa wanyonge katika biashara ya umma na kuwaachia uwanja wale wenye majina makubwa na wenye kampuni za mkobani. Tumewapa maskini mlango wa mbele na kuwafungia ule wa kutokea na chao.

Hatua ya sita ni daftari. Mkuu wa idara ya ununuzi anatakiwa kumwandalia afisa mhasibu taarifa ya kila mwezi juu ya maendeleo ya mikataba yote, na kumbukumbu za ununuzi zinatakiwa kutunzwa kwa miaka isiyopungua sita baada ya mkataba kumalizika. Walisema wahenga, mali bila daftari hupotea bila habari. Faili “isiyoonekana” haikupotea yenyewe. Kuna aliyefaidika isipoonekana.

SAHIHI JUU YA KITU KISICHOKUWAPO

Wale wetu tunaokumbuka miaka ya 1990 tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Wengi wetu tulidhani kwamba sanduku la kura likisha kuwa huru, mengine yatajipanga yenyewe. Lakini katika miaka hiyo hiyo ndimo ilimostawi kashfa ya Goldenberg. Msingi wake ulikuwa nini? Serikali ililipa fidia ya asilimia 35 juu ya thamani ya dhahabu na almasi iliyodaiwa kuuzwa nje ya nchi, na hati zilipitishwa na kulipiwa kwa bidhaa ambazo hazikuwapo. Mabilioni yalitoka Hazina kwa nguvu ya mihuri na sahihi. Tulikuwa tumekesha kulinda kura, na hakuna aliyekesha kulinda hati za kupokea.

Tofauti kati ya dhahabu ile na maharagwe yangu ni ya ukubwa tu. Mkono ni ule ule, na udhuru ni ule ule: “Wenzangu walikuwa wamekwisha kutia sahihi.”

Vyuo vyetu navyo vilikuwa na historia yake. Kwa miaka mingi Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha umma, na mkono wa Ikulu ulifika hadi katika uteuzi wa wakuu wake. Mwaka 2003 Rais Kibaki aliachia cheo hicho na kuwateua watu wengine. Vyuo vikapata uhuru zaidi wa kujiendesha. Uhuru huo ulikuwa haki yao. Hata hivyo, uhuru wa kutumia bila wajibu wa kuhesabu ni kumbadilisha bwana tu.

NYUDHURU TATU

Nazijua hoja za upande wa pili, kwa sababu nilizitumia mimi mwenyewe.

Ya kwanza husema kwamba sheria hii inachelewesha kazi. Mhadhiri wa kemia anataka dawa za maabara leo, na idara ya ununuzi inamwambia angoje miezi mitatu. Malalamiko hayo yana ukweli. Lakini muhula haukuja kwa ghafla. Kila chuo kinatakiwa kuwa na mpango wa ununuzi wa mwaka mzima, na sheria inaruhusu mikataba ya muda mrefu yenye bei zilizokubaliwa, ambayo idara huweza kuagizia kidogo kidogo kadiri ya mahitaji. Dharura nyingi za vyuo vyetu ni usingizi wa jana uliovaa kanzu ya haraka, na haraka hiyo ndiyo inayompa mtu kisingizio cha kununua kwa rafiki yake bila ushindani.

Ya pili husema kwamba serikali haitoi fedha. Hapa sitabishana sana. Vyuo vimepokea wanafunzi wengi kuliko fedha zilizofuatana nao, na ahadi za Hazina zimechelewa mara nyingi. Naibu Chansela anayeamka na mishahara ya kulipa na akaunti tupu anastahili huruma yetu, na serikali inastahili lawama yetu. Hata hivyo, nyumba yenye unga mchache ndiyo inayohitaji kibaba cha haki kuliko nyumba yenye ghala. Tena uhaba wa fedha hauelezi ni kwa nini mwuzaji wa mwezi wa kumi alipwe kabla ya yule wa mwezi wa pili. Fedha zikiwa chache, zilipwe kwa foleni inayoonekana na watu wote.

Ya tatu haisemwi kwa sauti: woga. Mhadhiri kijana asiye na mkataba wa kudumu anaogopa kuandika 97 pale wakubwa wanapotaka 120. Simlaumu. Mimi nilikuwa na cheo cha kunikinga, na bado sikuteuliwa tena katika kamati ile. Kwa kuwa wajumbe hubadilishwa kwa zamu, hapakuwa na wa kumlalamikia. Ujumbe, hata hivyo, ulifika kwangu na kwa wenzangu.

Waumini wenzangu mnakumbuka habari ya kitabu cha Ezra. Kabla ya safari ndefu ya kurudi Yerusalemu, Ezra aliwatenga makuhani kumi na wawili, akawapimia fedha, dhahabu na vyombo. Walipofika, mzigo ulipimwa tena nyumbani mwa Mungu, kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa. Walikuwa watu wa Mungu, na mali yalipimwa mara mbili. Kwa maoni yangu Ezra hakuwa akiwashuku. Alikuwa akiwalinda, ili asitokee mtu wa kuwasingizia, na ili yeyote kati yao akijaribiwa njiani ajue kwamba mizani inamngoja mbele. Ukaguzi si tusi kwa mwaminifu. Ni ngao yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mabaraza ya vyuo vikuu yadai, kila baada ya miezi mitatu, daftari moja la mikataba yote: jina la mwuzaji, bei ya awali, nyongeza, tarehe ya kuletwa, kilichopokelewa, kilicholipwa na kinachodaiwa. Daftari hilo libandikwe mahali ambapo mwanafunzi na mfagizi wanaweza kulisoma. Jambo hili si geni. Amri ya Rais ya mwaka 2018 ilizitaka taasisi za umma kutangaza habari za zabuni na mikataba yake. Kutangaza jina la mshindi bila kutangaza alicholeta ni kusoma nusu ya barua.

Pili, wauzaji walipwe kwa mpangilio wa tarehe za ankara zao, na orodha ya wanaongoja iwe wazi. Siku kila mwuzaji atakapojua kwamba yeye ni wa arobaini na kwamba hakuna awezaye kuwa wa kwanza kwa njia ya mkato, kitu kidogo kitakosa kazi.

Tatu, wajumbe wa kamati za upokeaji wapewe mafunzo, muda wa kazi hiyo na ulinzi. Wapewe na mizani inayofanya kazi! Nanyi mlioteuliwa, nawasihi: msitie sahihi mkiwa mmeketi. Nendeni bohari, pandeni ngazi za jengo, fungueni sanduku. Andikeni mlichokiona, hata kama wenzenu wameandika walichoambiwa.

Nne, wanafunzi wawe na mashahidi wao jikoni, maktabani na maabarani. Wao ndio wanaojua taa isiyowaka, kitabu kisichofika na sahani iliyopungua. Chama cha wanafunzi kinachopigania bei ya sahani bila kuuliza magunia yalikuwa mangapi kinapigana na moshi, moto kikiuacha.

Tano, raia tuitumie haki tuliyonayo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma kutoa uamuzi juu ya ombi ndani ya siku 21. Barua moja yatosha. Tuombe mkataba, hati ya kupokea na uthibitisho wa malipo, tuzilinganishe karatasi hizo tatu. Tukinyimwa, twende kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kikundi kimoja cha parokia kikichukua chuo kimoja na mkataba mmoja kwa mwaka, kitakuwa kimefanya zaidi ya hotuba mia.

Sita, na hili ni chungu, makanisa yajitazame. Mwaka 2024 vijana walituuliza hadharani kwa nini tunapokea mamilioni ya harambee bila ya kuuliza yalikotoka. Lakini hawakuwa wanasiasa peke yao. Wauzaji wa vyuo, wahasibu wake na wajumbe wa mabaraza yake huketi katika viti vyetu vya mbele. Wachungaji, wahubirieni juu ya ankara na hati za kupokea kama mnavyowahubiria juu ya pombe na uzinzi. Na mzee wa kanisa asiyelipwa haki yake asimame akaseme mahali pa wazi, badala ya kuupunguza mzigo gizani.

Mzee yule wa maharagwe alilipwa sehemu ya deni lake baada ya muda mrefu, na akaacha kufanya biashara na chuo. Mwanafunzi wangu alimaliza masomo yake, na leo ni mwalimu wa sekondari. Sikupata kumwambia. Ninaandika makala haya nikijua kwamba huenda akayasoma, na kwamba atakumbuka mwezi ule.

Ndugu msomaji, wiki hii katika chuo fulani lori litaingia langoni, na karatasi itawekwa juu ya meza ya mtu mwema mwenye shughuli nyingi. Ikiwa mtu huyo ni wewe, inuka uende ukahesabu. Ikiwa si wewe, muulize kama alikwenda.